Usianze na Samahani: Niliyoongea Kuhusu Barua za Paking

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za mchana. Asanteni kwa kunipa nafasi kabla chakula hakijatoka, najua pilau inanukia huko nyuma na watoto washaanza kuzunguka mlangoni, ila naomba mnivumilie kidogo maana hili jambo linatutoa hela mwaka mzima na kila mtu anaumia kivyake, anaona aibu kusema.

Naomba aliyewahi kupata barua ya paking ya kampuni binafsi tangu aingie hii Uingereza anyooshe mkono. Haya. Naona ni rahisi zaidi kuhesabu ambao hawajanyoosha.

Sasa teremsha mkono kama uliilipa siku hiyo hiyo kwa woga.

Nilikuwa hivyo hivyo. Mimi nafanya kea ya majumbani, natoka saa 11 na nusu asubuhi, leo niko kwa bibi huyu, saa mbili niko kwa babu yule, gari ndo ofisi yangu. Barua mbili za kwanza nililipa. Ilikuwa £100 kila moja, ukilipa ndani ya siku 14 inashuka £60, na ile £60 imeandikwa kwa herufi kubwa juu kabisa ili macho yako yaanzie pale. £60 kwangu ni masaa matano ya kuinua watu, kuwaogesha na kuwabadilisha, na nilizitoa kwa simu nikiwa kwenye ngazi za mteja bila hata kusoma ukurasa wa pili. Ndo maana niko hapa leo. Ile ya tatu niliisoma.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni jina. Barua ilikuwa imeandikwa "Parking Charge Notice". Ile ya halmashauri inaandikwa "Penalty Charge Notice". Zote zinafupishwa PCN, rangi zinafanana, mpangilio unafanana, na sisi tuliokulia nyumbani ambako karatasi ya maegesho ni ya serikali, TARURA wanakupa kontrol namba unalipa yanaisha, tukiona karatasi yenye nembo na picha ya gari letu na tarehe tunajua ni serikali inadai. Hapana jamani. Ile ya halmashauri ni adhabu ya sheria na ina njia yake ya rufaa, leo sitaiongelea. Hii ya kampuni ni dai la mkataba. Yaani wanasema wewe uliingia kwenye kiwanja cha watu, ukakuta bango, kwa kuegesha ukawa umekubali masharti ya bango, umevunja, basi unadaiwa. Ni kama fundi anayekuletea bili. Bili inaweza kuwa ya kweli na inaweza kuwa ya uongo, lakini ni bili, sio kosa la jinai, haiingii kwenye rekodi ya polisi. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu kuna watu humu wanasubiri karatasi zao za ukaazi na wameniambia wanalipa kila kitu kinachokuja kwa kuogopa kuharibu faili.

Jina lako na anwani wanazipata wapi? DVLA, yaani ofisi ya serikali inayosajili magari. Wanalipa £2.50 kwa kila gari wanayoulizia, na maombi hayo ni mamilioni kila mwaka. DVLA inawapa jina lililoko kwenye kadi ya gari. Haiwapi jina la dereva kwa sababu DVLA haimjui dereva, na kamera nayo haimjui, kamera inapiga picha ya namba. Shikeni hapo, mwenye kadi na dereva ni watu wawili kisheria hata kama kwa kweli ni mtu mmoja.

Naomba niwasomee barua ya dada mmoja, ameniruhusu bila kumtaja. Aliiandika kwa Kiingereza, mimi naitoa kwa Kiswahili. "Habari. Samahani sana kwa usumbufu. Nilikuwa nimeenda kumchukulia mama yangu dawa na foleni ilikuwa ndefu, nikazidisha dakika 20 tu. Naomba mnisamehe, sitorudia."

Barua nzuri. Barua ya mtu aliyelelewa. Mimi nimekulia Tanga, kwetu mtoto akikosea anaanza na samahani, ukimkanyaga mtu samahani, ukipita katikati ya watu samahani, hata mwenzio akijikwaa mwenyewe wewe unasema pole na samahani. Lakini tuitazameni ile barua vile anavyoitazama mtu wa kampuni. "Nilikuwa nimeenda", basi dereva ni wewe, tunashukuru, hatuna haja ya kuhangaika na sheria ya mwenye kadi. "Nikazidisha dakika 20", basi kosa lipo, umekiri. "Naomba mnisamehe", basi huna hoja, una ombi, na ombi tunaweza kulikataa. Walilikataa kwa sentensi mbili. Ile "ni" moja ndogo mwanzoni mwa neno, nilienda, nilichelewa, niliegesha, ndo iliyomlipisha dada yetu £100, maana muda wa £60 ulishapita wakati anasubiri majibu ya huruma.

Sisemi mdanganye. Nalirudia, sisemi mtu aandike dereva alikuwa mwingine wakati ni yeye, huo ni uongo na mbele ya jaji utakuangukia. Nasema usimtaje. Kwenye dai la kampuni binafsi sheria haimlazimishi mwenye kadi kumtaja dereva. Unaandika "dereva", unaandika "mwenye kadi", unaishia hapo. Polisi wakikuuliza nani alikuwa anaendesha, kwa mfano gari imepigwa kamera ya spidi, hapo lazima ujibu, usichanganye mambo hayo mawili.

Sasa kama dereva hajulikani, wanamdai nani? Kuna sheria ya mwaka 2012 inaitwa Protection of Freedoms Act, ndo ileile iliyopiga marufuku kampuni kufunga magari minyororo kwenye viwanja binafsi hapa England na Wales. Walipoondolewa minyororo wakapewa kitu kingine, Jedwali la 4 la sheria hiyo, linalowaruhusu kumdai mwenye kadi badala ya dereva. Wameruhusiwa ila kwa masharti, na masharti ni makali, wakikosa moja hawana njia kwa mwenye kadi. Sharti ninalolipenda ni la siku. Kama hawakubandika karatasi kwenye kioo, kamera tu ndo iliyokuona, basi barua lazima ikufikie ndani ya siku 14 kuanzia kesho yake. Ikufikie, sio iandikwe. Na sheria inahesabu kwamba barua ya posta inafika siku ya pili ya kazi baada ya kutumwa.

Yangu ilikuwa hivi. Gari ilionekana Ijumaa tarehe 3 Mei. Nikasimama mbele ya friji, pale pana kalenda ya msikiti, nikachukua peni nikaanza kuhesabu kutoka tarehe 4, nikaweka kidoti kwenye kila siku. Kidoti cha 14 kikaangukia Ijumaa tarehe 17. Nikarudi kwenye barua, kona ya juu kulia, herufi ndogo, imeandikwa imetolewa Alhamisi tarehe 16. Alhamisi imetumwa, Ijumaa siku ya kwanza ya kazi, Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi, Jumatatu tarehe 20 ya pili. Wamechelewa siku tatu. Nilikaa chini. Nilikuwa nimeshika karatasi ya watu wanaonidai £100 kwa kuchelewa, na wao ndo wamechelewa.

Kama walibandika karatasi kwenye kioo hesabu inabadilika, hapo barua kwa mwenye kadi inatakiwa ifike baada ya siku 28 na kabla ya siku 56 kwisha, kwa hiyo msikimbilie kusema wamechelewa kabla hamjajua mko kundi gani.

Nikaandika mistari minne. "Mimi ni mwenye kadi wa gari hii. Dereva hatajwi na sina wajibu wa kumtaja. Notisi yenu haikufika ndani ya muda wa aya ya 9 ya Jedwali la 4, kwa hiyo hamuwezi kunidai mimi. Futeni dai au nipeni namba ya POPLA." POPLA ni chombo cha rufaa cha nje ya kampuni, nakuja huko. Hakuna samahani, hakuna mama wala foleni ya dawa. Nilipobonyeza kutuma mkono ulikuwa unatetemeka, nawaambia ukweli, nilijiona mkosa adabu.

Wakanikatalia. Na hapa ndo watu wengi wanakata tamaa wanalipa, kwa sababu kukataliwa kunauma na barua ya kukataa imeandikwa kama hukumu. Sio hukumu, ni mdai kasema bado anadai, ulitegemea aseme nini? Kilichokuwa cha maana kwenye ile barua ni namba ya tarakimu 10 chini kabisa, namba ya POPLA. Kampuni za paking zina vyama vyao, zilizoko kwenye chama cha BPA rufaa yao inaenda POPLA, unayo siku 28 tangu wakukatalie, ni bure, na POPLA ikisema umeshinda kampuni lazima ikubali, ila ukishindwa wewe hulazimiki, kampuni ikitaka iende mahakamani. Kampuni zilizoko kwenye chama kingine, IPC, rufaa inaenda IAS, na kwa maoni yangu huko msiweke matumaini makubwa, wenye uzoefu wengi wanaona hoja zao zinasikilizwa vizuri zaidi na jaji. Nembo ya chama iko kwenye barua, itafute kabla ya kufanya lolote.

POPLA niliandika kurasa mbili, nikaweka hoja zote sio moja tu. Barua imechelewa. Hawajathibitisha dereva ni nani. Mabango hayasomeki, na hapa nilirudi pale kiwanjani usiku na simu, nikapiga picha kuanzia pa kuingilia, nikasimama kama dereva anavyokaa, bango liko juu ya nguzo, maandishi ya £100 yako kwenye mstari wa chini kabisa na taa ya nguzo ile haiwaki. Na hoja ya nne, waonyeshe mkataba wao na mwenye kiwanja, kwa sababu kampuni hizi mara nyingi sio wenye ardhi, ni wakala tu, lazima wawe na idhini ya maandishi. Kampuni ikaleta ushahidi wake, nikapewa siku 7 za kuutolea maoni. Watu hawazitumii hizo siku 7! Mimi nilizitumia. Ile picha yao ya bango ilipigwa mchana, na haikuwa hata ya mlango ule.

Majibu yalikuja nikiwa kwa mteja, bibi wa miaka 91, ananywa uji. Imeili, mstari mmoja juu, rufaa imekubaliwa. Sababu waliyoitoa ni ile ya kwanza tu, zile siku tatu. Bibi akaniuliza mbona nalia.

Sasa sio kila barua itakuwa imechelewa, nyingi zinakuja kwa wakati na zikitimiza masharti yote mwenye kadi anadaiwa hata akinyamaza kuhusu dereva. Hapo unatazama kisa chenyewe. Kuna kaka hapa, anajijua, alimpeleka mtoto mpira Jumamosi saa 4 asubuhi, akaingia kwenye kile kiwanja cha maduka akanunua maji akatoka, saa 9 alasiri akarudi akala na mtoto akatoka. Kamera ikamuandikia masaa matano na zaidi mfululizo. Kamera inaona kuingia mara ya kwanza na kutoka mara ya mwisho, ya katikati ikiyakosa inaunga kama ni safari moja. Alipona kwa nini? Risiti ya petroli aliyoweka mji mwingine saa 6 na dakika 12 mchana, na meseji ya kocha. Nyie mnaofanya kazi ya kuzunguka, hizo ramani kwenye simu zinazoweka kumbukumbu ya ulikopita, ziwasheni.

Na mzee wangu mmoja alilipa paking pesa kamili lakini akaandika herufi O badala ya sifuri kwenye namba ya gari. Kosa dogo kama hilo kanuni zao wenyewe zinasema wafute, na hata likiwa kosa kubwa la kuandika, mfano umeweka namba ya gari lingine la nyumbani huku umelipa, wanatakiwa wasizidishe £20. Risiti alikuwa nayo, hakujua tu kuwa ina nguvu. Halafu kuna zile dakika. Ukiingia unatakiwa upewe angalau dakika 5 za kusoma bango na kuamua kubaki au kuondoka, na muda uliolipia ukiisha angalau dakika 10 za kutoka. Wakikuandikia kwa kuzidisha dakika 8 wanavunja kanuni zao. Na mwenye ulemavu, au anayemuendesha mwenye ulemavu, ipo sheria ya usawa, Equality Act ya 2010, mtu anayetembea kwa fimbo hawezi kupimwa muda sawa na kijana wa miaka 20, liseme hilo mapema na uweke ushahidi.

Kabla hata ya rufaa, kuna njia fupi ambayo watu wetu wanaionea haya. Rudi dukani. Muone meneja, risiti mkononi, mwambie mimi ni mteja wenu, nimetumia £84 hapa siku ile na kampuni mliyoiweka nyinyi imeniandikia. Meneja wengi wanao uwezo wa kufuta, wanatuma imeili moja tu imeisha. Hapo adabu yetu inafaa kweli, hapo mwaga Kiswahili chako chote cha samahani na naomba, maana yule ni binadamu mwenye duka anayetaka urudi. Akikataa, jaribu makao makuu.

Najua kuna kaka zangu humu wanasema dada unajisumbua, hizi barua zichane tu, hazina nguvu. Zamani hiyo hoja ilikuwa na uhai. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya ParkingEye na Barry Beavis, mtu aliyeegesha Chelmsford kwenye kiwanja cha masaa mawili bure akazidisha dakika 56, akadaiwa £85, akabishana mpaka juu kabisa kuwa ni kiasi cha kukomoa. Alishindwa. Mabango pale yalikuwa makubwa na wazi, na mahakama ikasema kiasi kile kinakubalika. Tangu siku hiyo anayechana barua anacheza kamari na jina lake.

Maana usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wake ni huu. Unanyamaza, wanaongeza £70 ya kampuni ya kukusanya madeni. Hao wa madeni wanatuma barua nyekundu, msiwaogope, sio madalali wa mahakama, hawawezi kuingia kwako wala kuchukua hata kijiko. Lakini baadae inakuja barua ya onyo kabla ya kesi, siku 30 za kujibu, hiyo ijibu. Halafu fomu ya mahakama yenyewe. Hiyo ikifika usilale nayo, unayo siku 14, ukijaza ya kukiri umeipokea unapata mpaka 28 za kuandika utetezi. Ukinyamaza wanapewa hukumu ya deni bila wewe kusikilizwa, inaitwa CCJ, usipoilipa ndani ya mwezi mmoja inakaa miaka sita kwenye rekodi yako ya mikopo. Ndo hiyo inayokunyima nyumba ya kupanga, simu ya mkataba, mkopo wa nyumba.

Na sisi tunahama jamani. Tunahama kila mwaka, chumba hiki mpaka chumba kile, tunabadilisha anwani benki na kwa daktari, kadi ya gari inabaki na anwani ya yule shemeji tuliyefikia kwake. Barua zote zinaenda kwa shemeji, shemeji naye kashahama. Kijana mmoja aligundua ana CCJ siku anaomba mkopo, mke ana mimba ya miezi saba, nyumba wameshaichagua. Kubadilisha anwani kwenye kadi ni bure na unafanya kwa simu dakika kumi. Nawaomba, kabla hamjala, anayejua kadi yake ina anwani ya zamani aifanye hapahapa, waifai ya ukumbi namba yake imebandikwa mlangoni.

Mimi nitakaa kwenye ile meza ya pembeni ya dirisha baada ya chakula. Nimekuja na kalenda na peni mbili. Mwenye barua aje nayo na bahasha yake, aliyelipa tayari asihangaike maana ukishalipa rufaa imefungwa, na aliyeanza kuandika majibu kwenye simu asitume kwanza, anionyeshe tuzitoe zile "ni".